Kikapu cha Chakula: Mwongozo wa Kuandika Riwaya ya Siri za Nyumbani

Karibu kila mtu ana sentensi moja aliyoambiwa utotoni ambayo haikuwa kweli. "Baba yako kasafiri." "Huyu ni binamu yako, amekuja kusoma." "Shangazi anaumwa, ndiyo maana siku hizi haji." Uliisikia, ukaikubali, ukatoka kwenda kucheza. Miaka ishirini baadaye, kwenye hitima, mzee mmoja akateleza ulimi, nawe ukabaki na sahani ya pilau mapajani ukihesabu upya miaka ya kuzaliwa ya watu unaowajua.

Kama hilo limekufika na unahisi humo mna riwaya, haya ninayoeleza ni kwa ajili yako. Nimesoma miswada mingi ya aina hii, na iliyo mingi imekwama mahali pamoja. Mwandishi anaijua siri, na kwa kuwa anaijua, mtoto aliyemweka ndani ya hadithi naye anakuwa kama anaijua. Ana miaka saba lakini anawatazama wazazi wake kwa macho ya hakimu. Msomaji hamwamini mtoto huyo, na ana haki.

Ninachokuomba ukishike tangu mwanzo ni hiki: mtoto wako aone kila kitu na asielewe. Na pale kumbukumbu yake inapokosea, usimsahihishe haraka, kwa maana kosa lake ndilo linalotuonyesha mahali ardhi ilipochimbwa na kufukiwa.

Tafuta kikapu chako

Mwalimu wangu katika jambo hili ni Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yake ninayokushauri uanze nayo ni Gravel Heart, iliyotoka mwaka 2017. Salim ni mtoto wa Unguja. Anapofika umri wa miaka saba, baba yake, Masud, anahama nyumbani na kwenda kuishi katika chumba cha kupanga nyuma ya duka. Hakuna anayemweleza Salim sababu. Mama yake, Saida, anaendelea kupika na kumpelekea Masud chakula kwa kikapu kila siku, na baadaye kazi hiyo anapewa mtoto. Salim anafika, anatua kikapu, anachukua vyombo vya jana, anarudi. Baba yake hana la kumwambia.

Kitafakari kikapu hicho. Mwanamke aliyekimbiwa na mume hana kawaida ya kumpikia kila siku, na mwanamume aliyemchukia mkewe hali chakula cha mkono wake. Mtaa mzima unakiona kikapu kikipita na kila mtu mzima anajua kina maana gani. Anayekibeba ndiye peke yake asiyejua. Gurnah ameuweka ushahidi wote mkononi mwa mtoto, mchana kweupe, na siri inabaki siri kwa sababu tu mtoto hana umri wa kuisoma.

Sasa, kama hutaki kujua mwisho kabla ya kuisoma, ruka aya hii. Salim anapelekwa London na mjomba wake Amir, anaishi huko miaka mingi, na anarejea Unguja baada ya mama yake kufariki. Hapo ndipo baba yake anapomfungulia. Amir aliwahi kukamatwa kwa sababu ya mapenzi na binti wa kigogo wa serikali. Ili atoke, kaka wa binti huyo alitaka bei moja tu: Saida mwenyewe. Saida alilipa kwa ajili ya ndugu yake, na ndoa yake ikavunjika bila makelele. Mambo ambayo Salim aliyaona yalikuwa kweli yametokea: kikapu, ukimya wa baba, mjomba mwenye bashasha. Alikosea maana yake. Ukiujua mchezo wa Shakespeare uitwao Measure for Measure, uliochezwa mwaka 1604, utautambua mfupa wa kisa hiki, na Gurnah hafichi. Siri za nyumbani ni chache duniani. Nyumba ndizo nyingi.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika hata sura moja, tafuta kikapu chako. Kiwe kitu cha kawaida na kinachojirudia, maana jambo lililotokea mara moja mtoto huliona la ajabu na kuuliza, lakini linalotokea kila siku hulichukua kuwa ndivyo dunia ilivyo. Kiwe kitu kinachopita mikononi mwake. Labda ni bahasha ya ada ambayo kila muhula huletwa na mwanamume yuleyule asiyeingia ndani. Labda ni debe la mchele linalofika kila Ramadhani na ambalo bibi haruhusu lipokewe mbele ya babu. Labda ni chumba cha uani ambacho hufagiliwa kila Ijumaa ingawa hakuna anayelala humo.

Nikupe mfano mmoja niliowahi kuwatumia waandishi wachanga, ujaribu mwenyewe. Mtoto wa miaka mitano anaambiwa, "Mama yuko eda." Baba yake amefariki, lakini neno eda halijui, kwa hiyo anadhani ni mahali, kama Pemba au Tanga, na anangoja mama arudi kwa boti ingawa mama yuko chumba cha pili. Kisha mama anatoka eda. Mtoto anakumbuka kwamba alitoka mapema, kabla hata ya mvua za vuli kuisha, na wanawake walipiga vigelegele kidogo kisha wakanyamazishana. Anakumbuka pia, kama jambo lisilohusiana na hilo, kwamba wakati huohuo mama mkubwa, ambaye hakuwahi kupata mtoto, alianza kubeba mtoto mchanga. Akaambiwa ni ndugu yake, aje amwone.

Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Lakini mjane mwenye mimba, kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, eda yake huisha siku anapojifungua. Msomaji mwenye kujua hilo atasimamisha kitabu na kuhesabu. Mtoto wetu atazibeba kumbukumbu hizo mbili miaka thelathini, kila moja katika mfuko wake, bila kuzikutanisha. Swali la nani alikuwa baba wa mtoto yule, na kwa nini mama yake mzazi asimlee, hilo ndilo la riwaya. Ona kwamba katika kisimulizi hicho cha mtoto sijaandika neno "siri" hata mara moja, na mtoto hajashuku chochote.

Ukitaka kusoma mfano wa aina hii kwa Kiswahili, tafuta Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Gurnah iitwayo Paradise. Yusuf, kijana wa miaka kumi na miwili, anafurahia mgeni tajiri anayefika kwao kwa sababu humwachia sarafu kila anapoondoka. Siku moja anachukuliwa na mgeni huyo safarini, na yeye anaona ni matembezi ya kwa jamaa. Kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Rudi usome zile kurasa za mwanzo, utaona wazazi wanavyomwangalia mtoto wao. Yusuf aliliona jicho hilo, akadhani ni jambo jingine.

Ipime kumbukumbu yako kabla ya kuitumia

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyetumia maisha yake kuchunguza akili za watoto, alikuwa na kumbukumbu ya utotoni aliyoiona wazi kama jana. Alikuwa kwenye kigari cha mtoto, jijini Paris, katika barabara ya Champs-Élysées, na mtu akajaribu kumteka. Yaya wake akapambana, akakwaruzwa usoni. Piaget aliiona mikwaruzo ile. Alipokuwa na umri wa miaka kama 15, yaya yule aliwaandikia wazazi wake kukiri kwamba kisa kizima alikitunga, na akarudisha saa aliyokuwa amezawadiwa kwa ushujaa. Mtoto alikuwa amekisikia kikisimuliwa nyumbani, akakijengea picha, na picha ile ikabaki machoni pake kama kitu alichokiona.

Nami yamenikuta. Kwa miaka mingi nilikumbuka usiku mmoja barua ilipochomwa kwenye jiko la mkaa, mimi nikiwa nimekaa kwenye kibao cha mbuzi nikitazama majivu yakipanda. Nilikwisha kuiandika sura hiyo. Nilipomsomea mama, aliniacha nimalize, kisha akasema, "Mwanangu, mwezi ule wewe ulikuwa kwa shangazi yako." Dada yangu ndiye aliyekuwepo. Alinisimulia mara nyingi mno, tukiwa tumelala kitanda kimoja, hata nikajipatia nafasi pale jikoni. Barua ilihusu nini sitaandika hapa. Ninachotaka ukione ni kibao cha mbuzi. Nilikipata wapi? Nadhani nilihitaji mahali pa kukaa ndani ya jambo lililokuwa kubwa nyumbani kwetu na ambamo nilikosekana. Sura ile sikuifuta. Niliiandika upya, mtoto akiwa na hakika kwamba alikuwepo na dada yake akimwambia hakuwepo, na ndipo ilipopata uhai.

Wataalamu wameyapima mambo haya. Frederic Bartlett wa Cambridge, katika kitabu chake cha mwaka 1932, alionyesha kwamba watu waliopewa hadithi ngeni waisimulie tena na tena waliibadilisha ifanane na mambo waliyoyazoea. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell waliwapa watu 24 visa vya utoto wao vilivyotoka kwa jamaa zao, na kati yake wakachomeka kimoja cha uongo, cha kupotea dukani wakiwa wadogo. Robo yao hivi walikikumbuka, chote au sehemu yake. Inajulikana pia kwamba watu wazima wengi hawakumbuki karibu chochote cha kabla ya umri wa miaka mitatu. Kwa hiyo mhusika wako akikumbuka siku ya arobaini yake, msomaji anapaswa kujua ni nani aliyemsimulia.

Namna ya kupima ni rahisi, na inaleta faida kubwa. Chukua daftari na uandike kumbukumbu yako kama ilivyo, kwa kalamu, bila kuuliza mtu. Kisha ifunge kwenye matukio yenye tarehe. Edward Sokoine, Waziri Mkuu wa Tanzania, alifariki tarehe 12 Aprili 1984. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996. Kwa msomaji wa Kenya, jaribio la kupindua serikali lilikuwa tarehe 1 Agosti 1982. Familia zetu huhesabu kwa matukio hayo: "alizaliwa mwaka wa MV Bukoba", "tulihamia hapa kabla ya kifo cha Sokoine". Ukikumbuka ukitazama taarifa ya habari ya runinga ya nyumbani, Tanzania Bara, mwaka 1988, jua kuna kitu kimeingilia, maana Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Zanzibar ilikuwa nacho tangu miaka ya 1970, basi pengine ulikuwa Unguja. Na kama ulikuwa Unguja, ulikuwa kwa nani, na kwa nini nyumbani hawapataji?

Tazama picha za zamani pia, hasa nyuma yake, palipo na muhuri wa studio na mwandiko wa mtu. Hesabu waliopo, kisha uliza aliyepiga ni nani. Zitazame kanga. Mama zetu wameandika kwa kanga mambo ambayo midomo yao isingeyatoa. Kanga iliyovaliwa arusini kwa mke mwenza ni waraka kamili. Na yasikilize majina: Tabu, Mashaka, Sikujua, Siwazuri. Mtu hampi mwanawe jina la Sikujua pasipo kisa.

Kaa na wazee

Hapa ndipo waandishi wengi wanapoharibu. Wanakwenda na simu ya kurekodi na swali la moja kwa moja, nao wanajibiwa kwa haki kabisa: "Wewe hayo ya nini? Yamepita hayo." Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haitoi siri kwa kuulizwa.

Nenda siku ambayo kuna kazi ya mikono: kuchambua mchele, kusuka ukili, kumenya viazi. Amkia, kaa chini, fanya kazi. Uliza mambo madogo. "Bibi, ile nyumba ya zamani, chumba cha mbele alikuwa analala nani?" "Wakati ule maji mlikuwa mnachota wapi?" "Siku ya harusi ya ma'mdogo, nani alipika?" Mtu atakayekataa kukuambia nani alizaa na nani atakueleza bila shida kwamba mwaka ule mpishi hakuwa shangazi kwa sababu shangazi alikuwa amepelekwa shamba. Nyamaza. Pokea ungo, endelea kuchambua. Utakaporudi nyumbani, andika hilo la kupelekwa shamba, na andika pia mahali alipobadilisha mazungumzo. Pengo lina thamani kuliko jibu.

Waulize ndugu zako mmoja mmoja, wasiwe pamoja, kwa sababu wakikaa pamoja mkubwa atasimulia na wengine watakubali. Ukikuta kumbukumbu zinapingana, usiende kutafuta aliye mkweli. Gurnah amejenga riwaya nzima juu ya mgongano kama huo. Katika By the Sea, ya mwaka 2001, mzee Saleh Omar anawasili Uingereza kwa pasipoti yenye jina la mtu aliyekwisha kufariki. Mtoto wa marehemu huyo, Latif, ameishi huko miaka mingi, na tangu ujana amemshika Saleh kuwa mtu aliyewanyang'anya nyumba yao. Anakumbuka alivyotumwa dukani kwa Saleh kuomba meza moja ndogo irudishwe, na alivyokataliwa. Wanapokutana katika mji mdogo wa pwani, wanaketi na kusimuliana, na kwa Saleh ipo habari ya mkopo, hati na mfanyabiashara aliyekuja na kaskazi, mambo ambayo mtoto aliyetumwa meza asingeweza kuyajua. Kila mmoja ana kweli yake, na msomaji anabaki kushikilia zote mbili. Ukiwa na ndugu wawili wasiokubaliana juu ya siku moja, una sura mbili, labda kitabu.

Sauti

Mtoto asitumie maneno ambayo hajayapata. Asiseme "baba alikuwa na huzuni". Aseme baba alikaa kitandani na viatu vyake. Asiseme "mama alidanganya". Aseme mama alisema amekwenda sokoni, na kikapu kikarudi hakina kitu. Mtu mzima anayesimulia anaruhusiwa kuingia, lakini mara chache na kwa sababu. Binafsi napenda aingie pale anapokiri kwamba hana hakika na alichokwisha kutueleza, kwa mfano kwamba kanzu aliyosema ni nyeupe huenda ilikuwa ya kijivu na kwamba tangu kuanza kuandika amekuwa akiiona nyeupe zaidi.

Siri isitoke katikati ya kitabu kwa mtu kusikia mazungumzo ya dirishani. Hilo limechakaa. Itolewe na mwenye kuumizwa nayo, akiwa tayari, na mtu mwenye haki ya kuisikia awe ameketi mbele yake. Na ikishatoka, rudi kwenye kikapu mara moja, upesi, kisha uache. Msomaji ataubeba mwenyewe uzito uliobaki.

Juu ya sitara

Kitanda hakizai haramu, wamesema wahenga, na msemo huo umewalinda watoto wengi wasinyooshewe kidole. Riwaya yako inaweza kukinyoosha kidole hicho upya, kwa mtu ambaye sasa ana wajukuu na heshima msikitini au kanisani. Siamini kwamba hiyo ni sababu ya kutoandika. Ukimya umewaumiza watu wengi vilevile, hasa wale ambao uchungu wao uliitwa aibu ya familia. Lakini mwenye siri akiwa hai, yeye ana neno kabla yako. Mpelekee. Kama hawezi kusoma, msomee, kama mimi nilivyomsomea mama. Akisema usiandike, badilisha mji, kazi, idadi ya watoto, hata jinsia ya msimulizi, mpaka jirani aliyekaa nao ukuta kwa ukuta asiweze kuwatambua. Asipotambua yeye, hakuna atakayetambua. Kama haiwezekani kubadilisha bila kuiua hadithi, basi uweke mswada kwenye sanduku na uandike kingine kwanza. Mimi ninao mmoja umelala hivyo, na sijutii.

Anza wiki hii. Andika ile sentensi uliyoambiwa utotoni, kisha kitu ulichokuwa umeshika mkononi ulipoambiwa. Halafu mpigie simu shangazi yako mkubwa kuliko wote, umwambie Jumamosi utakwenda kumsaidia kuchambua mchele. Nenda kweli, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye wa mwisho aliye na nusu ya pili ya habari.